Choo gani, ekzosi gani? Ulinganisho kwa mwenye boti Mombasa

Mwenye boti mpya akija kutaka ushauri, mara nyingi ameshachagua rangi ya viti, ukubwa wa spika na pembe ya kuweka sanduku la barafu. Choo na ekzosi huulizwa mwisho, tena kwa haya kidogo. Mimi huanza na hayo mawili, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama mke na watoto watakubali kutoka tena Jumapili ijayo, na ndiyo, yakifungwa ovyo, yanayoweza kuizamisha boti iliyotulia kwenye nanga bila mtu ndani.

Ninavilinganisha pamoja kwa sababu ni jamaa moja. Choo cha pampu na ekzosi ya maji (ile inayotoa moshi wa injini ukiwa umepozwa kwa maji ya bahari) vyote ni matundu katika bodi ya boti, karibu na usawa wa maji au chini yake, na palipo na njia ya kutokea maji pana njia ya kuingilia. Vyote viwili huharibika kutoka ndani, mahali usipopaona. Na vyote viwili huuzwa kwa maelezo yaliyoandikwa kwa bahari baridi za Ulaya, si kwa maji ya vuguvugu ya Tudor na Mtwapa, ambako kila kilichotuama siku tatu kimeshaota kitu.

## Vipimo kwanza

Kabla ya kutaja chombo chochote, tukubaliane tunapima nini.

La kwanza ni mahali kitakapoishia kile kinachotoka. Kwa choo, hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, katika Kiambatisho cha 4, unaruhusu meli kumwaga maji taka yaliyosagwa na kutiwa dawa ikiwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyotibiwa ikiwa zaidi ya maili 12, tena meli ikiwa inakwenda kwa mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Sheria hiyo iliandikiwa meli za tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15, kwa hiyo boti yako ya futi 28 haimo. Lakini vipimo vyake vinakuonyesha mwenye akili anamwaga wapi. Maili 12 ni kama kilomita 22. Anayetoka Mtwapa kwenda kula samaki Nyali na kurudi hafiki hata robo ya hapo. Siku nzima yuko ndani ya miamba, na maji yaliyo mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu ni hifadhi ya bahari tangu 1986, nayo inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kusema "nitamwaga nje" kunamfaa mvuvi wa samaki wakubwa anayevuka mwamba alfajiri na kupotea huko hadi jioni. Wengine tunajidanganya.

La pili ni matundu chini ya maji: mangapi, na nani anayafunga mkiondoka. La tatu ni umeme na maji matamu. Usiyadharau maji, Mombasa mitaa mingi bado inanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni, na choo kinachokunywa maji matamu kitakuhesabia. La nne ni matunzo: fundi yupo, kipuri kipo, au utasubiri mzigo kutoka ng'ambo huku boti imelala? La tano ni hewa ndani ya boti, yaani harufu, moshi, kelele, na ile gesi isiyoonekana.

Bei nimeiweka pembeni kwa makusudi. Inabadilika na dola, na tofauti ya bei kati ya vyoo viwili ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kung'oa kile usichokitaka.

## Choo cha kubeba

Ni masanduku mawili, moja juu ya jingine. La juu lina maji ya kusuuzia, la chini linapokea, na kati yake kuna kifuniko cha kuteleza. La chini huchukua lita 10 hadi 20 hivi.

Unalitenganisha, unalibeba, unalimwaga chooni nchi kavu. Hapo ndipo kazi ilipo. Wakati wa bamvua (siku za maji makubwa), tofauti ya maji kujaa na kupwa bandarini hupita mita 3, kwa hiyo ngazi uliyoishuka asubuhi kwa hatua mbili, jioni ni ndefu na imejaa utelezi, nawe umeshika kilo 20 za kitu ambacho hungependa kianguke. Dawa ya kutia ndani nayo ina lake. Zile zenye fomalini huwaua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo la septiki, na nyumba nyingi za huku zinategemea septiki. Nunua isiyo na fomalini.

Matundu hakuna hata moja, na umeme hakitaki. Matunzo ni kuosha na kuupaka mpira wa kifuniko mafuta ya silikoni ili usikauke. Harufu ni ndogo kifuniko kikibana, ingawa boti ikiachwa juani na sanduku halijamwagwa, utajua.

Kuna jambo ambalo kijitabu cha maelezo hakilitaji. Makadirio ya siku ngapi sanduku litatosha yamefanywa kwa watu wanaotumia karatasi. Familia inayotawaza kwa maji inaongeza lita moja, pengine zaidi, kila mtu anapoingia, na sanduku lililodaiwa kutosha wikendi nzima linajaa siku hiyohiyo. Si kasoro ya choo. Ni hesabu tu, ifanye kabla ya kununua.

Kinamfaa mwenye boti ndogo ya faiba, safari za mchana, watu wachache, na asiyetaka kutoboa bodi. Wageni wa kulipa sitawapa choo hiki, kwa sababu kuna mmoja wenu atakayepita katikati yao na lile sanduku.

## Choo cha pampu ya mkono

Bakuli, mkono wa pampu pembeni, mpira mmoja wa kuvuta maji ya bahari na mwingine wa kutoa. Unavuta maji, unasuuza, unageuza kishikio, unakausha. Ni chombo cha kizamani na ndiyo sababu kinapendwa: fundi yeyote anaweza kukifungua mezani na akakirudisha.

Kinaweza kutoa moja kwa moja baharini au kwenda kwenye tangi, na walio makini huweka valvu ya njia mbili ili wachague. Lakini tangi lina swali lake, nalo ni nani atalimwaga. Uliza gati unapofunga boti kama kuna pampu ya kunyonyea. Kama hakuna, uliza lori la kunyonya maji taka linaweza kufika karibu kiasi gani, maana mpira wake una mwisho. Na lori likifika, hakikisha kibomba cha pumzi cha tangi hakijaziba kwa chumvi au nyumba ya mdudu. Likinyonya tangi la plastiki lisilopumua, kuta zake zinabonyea hadi kupasuka.

Matundu ni mawili, na hapa sina utani. Bakuli likiwa chini ya usawa wa maji, maji yakishaanza kupita kwenye mpira hujivuta yenyewe, yanajaza bakuli, yanamwagika, yanashuka ngamani (chini kabisa ndani ya boti), na pampu ya ngama inafanya kazi hadi betri iishe. Kinga yake ni mpira kupandishwa juu ukafanya kitanzi chenye kidude cha kuingiza hewa kileleni, na kilele hicho kiwe juu ya usawa wa maji hata boti ikilala upande. Halafu koki, yaani valvu za kufungia matundu hayo, zifungwe kila mnapoondoka. Koki ambayo haijazungushwa mwaka mzima haifungiki tena. Ipindue mara kwa mara hata kama huna sababu.

Umeme hakitaki, na maji ni ya bahari, bure. Kutawaza hakukisumbui hata kidogo. Kinachokiziba ni karatasi na vitambaa vya kufutia mtoto, kwa hiyo kwa watu wa pwani choo hiki kina nafuu ambayo aliyekibuni huenda hakuifikiria.

Matunzo ndiyo yenye maneno. Maji ya bahari yamejaa viumbe vidogo. Yakibaki ndani ya mpira wa kuvutia siku tatu nne katika joto letu, viumbe hufa na kuoza, na ule mpampo wa kwanza wa Jumapili hutoa harufu ya yai viza. Watu wanailaumu haja iliyopita, kumbe ni maji tu. Dawa ni kusuuza kwa maji matamu kidogo kabla ya kuondoka. Upande wa kutoa, haja ndogo na chumvi ya bahari hutengeneza chokaa ngumu inayojenga ukuta ndani ya mpira. Siki ikiachwa usiku kucha mara kwa mara inaipunguza. Ikishakuwa nene, fundi anauchomoa mpira wote, anaupeleka kwenye saruji na kuupigapiga chini, na vipande vinamwagika kama ukoko wa wali uliokwanguliwa sufuriani. Tundu lililokuwa la milimita 38 unalikuta halipitishi kidole gumba.

Mpira wenyewe nao huchakaa kwa namna ya pekee: unaanza kupitisha harufu kwenye ukuta wake bila kuvuja hata tone. Mtwapa nilimwona fundi kijana akilimaliza jambo hilo kwa dakika moja. Mwenye boti, mzee wa makamo, alikuwa tayari kununua choo kipya. Kijana akachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, akakizungusha kwenye mpira, akakishikilia kidogo, akampa. "Nusa, ami." Mzee akanusa akarudisha kichwa nyuma. "Choo chako kizima. Huu ndio ubadilishe." Jaribio hilo halina gharama, na linafaa kwa choo chochote chenye mpira.

Kinamfaa anayelala botini, anayekwenda mbali na mafundi, na asiye na haya ya kushika spana.

## Choo cha umeme

Unabonyeza kitufe, kinavuta maji, kinasaga, kinasukuma. Mgeni hahitaji somo. Vya aina hii viko vinavyotumia maji ya bahari na vinavyotumia maji ya tangi la boti, na vipo pia vya kunyonya kwa ombwe ambavyo hutosheka na karibu nusu lita kwa mara moja. Vya kusaga vya kawaida hutumia lita moja hadi tatu.

Kuhusu kumwaga, hali ni ileile ya choo cha pampu, na tangi lina swali lilelile. Tofauti ni kwamba kitufe ni rahisi mno, na mgeni akikipenda tangi linajaa upesi. Ukichagua cha maji matamu, tundu la kuvutia maji halipo na harufu ya viumbe waliooza inakwisha kabisa. Unabaki na la kutoa tu, au halipo pia ikiwa kila kitu kinakwenda tangini na kunyonywa juu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za choo hiki, kuliko hata starehe yake.

Umeme: wa volti 12 huvuta ampea 15 hadi 20 hivi kinaposaga. Ni kwa sekunde chache, lakini waya mwembamba uliounganishwa kwa tepu hautakisukuma. Pampu itaguna tu na kisu hakizunguki. Betri ikifa, choo kimekufa nayo, kwa hiyo wenye busara hubaki na ndoo. Matunzo ni kidogo hadi siku kitambaa kinapozunguka kisu. Siku hiyo ni chafu, na injini yake ndogo ikiungua haikarabatiwi, unaibadilisha. Hakikisha anayekuuzia ana kisu na sili za akiba leo, si "zinakuja".

Kinamfaa mwenye boti ya kebini, anayebeba wageni, na mwenye betri na waya za kuaminika. Asiyejua betri zake zina hali gani aanze na hizo.

## Choo kikavu

Hiki hutenganisha. Haja ndogo huenda mbele kwenye chupa, haja kubwa hudondoka nyuma kwenye ndoo yenye kitu kikavu cha kufunikia, na feni ndogo inavuta hewa nje. Visipochanganyika, harufu inayojulikana haitokei.

Duniani kote kitu cha kufunikia kinachopendekezwa ni vumbi la nyuzi za nazi, ambalo Wazungu hulinunua likiwa limeshindiliwa kwenye matofali. Sisi makumbi tunayo sokoni Kongowea na kwa kila mfua nazi. Yachambuliwe na kukaushwa vizuri juani, maana yakiwa na unyevu yataleta vijidudu.

Kumwaga: chupa ya haja ndogo kila siku au siku mbili kwa watu wawili, na ndoo baada ya siku nyingi. Ya chupa humwagwa chooni nchi kavu. Ya ndoo bado si mboji ikiwa mbichi, inataka kuendelea kuoza mahali pake kwa miezi mingi, kwa hiyo mwenye shamba Kikambala ana nafuu kuliko anayeishi ghorofani Mji wa Kale. Matundu chini ya maji hayapo. Maji hakitumii, umeme ni kidogo sana wa feni tu.

Tatizo ni kutawaza. Maji yakiingia kwenye ndoo ya nyuma, kila kitu kinaharibika: unyevu, harufu, funza. Wapo wanaotawazia pembeni, kwenye sakafu yenye mkondo wake wa maji, na inawezekana kama chumba ni kikubwa. Kwenye kile kijisanduku cha boti ya futi 24 sijaona kikifanya kazi vizuri. Na wanaume wote wakubali kukaa, jambo ambalo kwa baadhi yao ni mjadala.

Kinamfaa mtu au wawili wanaoishi botini, wenye nidhamu ya kufanana. Kwa karamu ya watu kumi, hapana.

## Ekzosi: kwanza jua injini yako

Mwenye mashine ya nje aruke sehemu kubwa ya hii. Moshi wake hupita kwenye mguu wa mashine na kutokea majini karibu na rafadha (panga linaloisukuma boti). Aliyeitengeneza mashine amekuchagulia. Vivyo hivyo wengi wenye injini ya ndani iliyounganishwa na mguu wa nje. Kwao lipo jambo la hewa tu, nalo linakuja chini. Uchaguzi wa kweli ni wa mwenye injini ya ndani yenye shafti, hasa anayebadilisha injini au kununua boti iliyotumika.

## Ekzosi ya maji

Maji ya bahari yakishapoza injini hudungwa ndani ya moshi kwenye kiwiko cha chuma. Moshi wa dizeli inayofanya kazi nzito huzidi nyuzi 400. Maji yakichanganyika nao, unapoa kiasi cha kupita kwenye mpira wa kawaida wa ekzosi na sailensa ya plastiki. Ndiyo maana boti nyingi za starehe zinatumia mfumo huu: kimya, joto kidogo, na mpira unapinda popote.

Moshi unakotokea ndiko kunakotofautiana. Kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ni rahisi na mpira ni mfupi, ila moshi hurudi. Boti ikikimbia hewa nyuma ya kebini inakuwa na upungufu na hunyonya kilicho nyuma. Ubavuni moshi huachwa pembeni kabla haujafika nyuma, lakini ukifunga ubavu kwa ubavu na jirani, unampigia moshi dirishani, na ubavu mweupe huota masizi. Chini ya maji ndiko kwenye utulivu kuliko kote kwa boti ya mbio: mwendo wenyewe unanyonya moshi. Kwa mwendo wa polepole maji yanausukuma nyuma, kwa hiyo lazima pawe na tundu la pili dogo juu ya usawa wa maji. Na hapa kwetu mdomo huo wa chini huota magamba boti ikikaa majini. Itabidi ukubali kuisafisha mara kwa mara, kwa mzamiaji au kwa kuipweleza mchangani maji ya bamvua yakipwa, kama wenye majahazi wanavyofanya wakitaka kupaka deheni.

Matundu: la kuingizia maji chini, na la kutokea. Hatari ni maji kurudi hadi ndani ya silinda, na injini iliyomeza maji ya bahari haina bei nzuri. Kiwiko kinatakiwa kiwe juu ya usawa wa maji, na sentimita 30 ni kipimo kinachotajwa sana. Kikiwa chini ya hapo, njia ya maji ipandishwe kwa kitanzi cha kuvunja mvuto, kilekile cha chooni. Sailensa nayo iwe na nafasi ya kubeba maji yote yanayorudi kutoka kwenye mpira injini ikizimwa. Na kuna kosa la kawaida sana gatini: injini imegoma kuwaka, mtu anashikilia ufunguo, anaachia, anashikilia tena. Kila inapozungushwa pampu inaleta maji, na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa sailensa, yanapanda. Ukiona inagoma, funga koki ya maji ya bahari kwanza, ufungue mara tu ikiwaka.

Matunzo: kiwiko huliwa na chumvi na joto kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa, kwa hiyo kichomolewe na kuchunguliwa, si kutazamwa. Impela (kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu) ibadilishwe kabla haijakatika, na kichujio kisafishwe hasa ukipita karibu na mikoko, maji ya kupwa yakiwa na tope na takataka. Maji yakikatika, mpira wa ekzosi unaungua ndani ya dakika chache. King'ora cha joto kinachofungwa juu ya mpira ni kidogo na kinaokoa boti. Zaidi ya hayo, kila unapowasha, tazama nyuma. Boti yenye afya inatema maji kwa mapigo. Ikipuliza mvuke mkavu, zima.

Inamfaa mwenye kebini, mwenye wageni, na anayetaka kuongea bila kupiga kelele.

## Ekzosi kavu

Bomba la chuma kutoka injini hadi dohani juu, bila maji. Majahazi na boti za kazi huzitumia, na injini zake mara nyingi hupozwa kwa mabomba yanayopita chini ya bodi au kwa rejeta, hivyo hakuna maji ya chumvi yanayoingia kwenye injini kabisa.

Moshi unaishia juu, mbali na pua za watu ikiwa dohani ni ndefu vya kutosha. Ikiwa fupi, masizi yanaangukia nguo nyeupe. Matundu chini ya maji hayapo kwa ajili ya ekzosi, na hakuna maji ya kurudi ila ya mvua, yanayozuiwa na kifuniko. Matunzo ni machache: nyufa kwenye viungo, kutu, na kitambaa cha kuzuia joto kinachofunika bomba. Boti kuukuu inaweza kuwa na asbestosi kwenye kitambaa hicho. Usikichane kwa mikono mitupu.

Ubaya wake ni joto na kelele. Bomba linalopita karibu na mbao au faiba bila nafasi ni moto unaosubiri, na chumba cha injini kinataka hewa nyingi. Katika boti ya starehe yenye kebini ndogo, dohani inakula nafasi na kuwachoma watoto. Inamfaa mwenye chombo kizito cha mwendo wa pole, anayefanya kazi kwenye maji ya tope, na asiyejali mngurumo.

## Gesi

Hii haichagui mfumo. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi nyingi, ya dizeli hutoa chache kuliko hiyo, na jenereta ya petroli juu ya sitaha ni mbaya kuliko zote. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, na kwa bahati mbaya ndizo dalili za mtu aliyechafukwa na mawimbi. Ukimwona asiyewahi kuugua bahari naye amelala, usimpe tangawizi; watoe wote kwenye hewa na uzime injini.

Ukitoka Diani kurudi Mombasa wakati wa kusi, upepo uko mgongoni na unakurudishia moshi wako mwenyewe. Fungua madirisha ya mbele, hewa ipite, au badilisha pembe ya mwendo. Ukifunga turubai za nyuma, umejitengenezea chumba cha gesi. Watoto wasiogelee nyuma ya boti injini ikiwaka, hata kama iko polepole. Na king'ora cha gesi hii kilichotengenezwa kwa boti kiwekwe karibu na mahali watu wanapolala.

## Kwa hali yako

Una boti ya wazi yenye mashine ya nje, mnatoka asubuhi kurudi jioni: choo cha kubeba kinatosha, na kama mnatawaza kwa maji, nunua chenye sanduku kubwa au mkubaliane kusimama kwenye hoteli njiani.

Unabeba wageni wa kulipa ndani ya miamba: choo cha umeme cha maji matamu na tangi, baada ya kuhakikisha lori linaweza kulifikia. Ekzosi ya ubavuni, au ya chini ya maji kama boti ni ya mbio na una ratiba ya kuisafisha.

Unavua nje, siku nzima, mbali na kila mtu: pampu ya mkono yenye valvu ya njia mbili, tangi ukiwa ndani, bahari ukishapita umbali. Ekzosi ya maji kwenye tezi inakutosha, kwa sababu muda mwingi uko kwenye upepo, lakini king'ora usikiache.

Unaishi botini, mmoja au wawili: choo kikavu kina nafasi yake ikiwa chumba kinaruhusu kutawazia pembeni, la sivyo rudi kwenye pampu.

Unageuza jahazi kuwa chombo cha matembezi: ekzosi kavu ibaki, ongeza urefu wa dohani na ukague kitambaa, usitoboe tundu jipya kwa ajili ya mtindo.

Unanunua boti iliyotumika: nenda na kitambaa na chupa ya maji ya moto. Zungusha kila koki. Omba kiwiko kichomolewe mbele yako. Kisha fika mapema, kabla muuzaji hajaipasha injini, uiwashe ikiwa baridi huku mwenzako amesimama nyuma akitazama maji yanavyotoka.